Nilichoandika Katika Kitabu cha Ndege

Nilimfahamu fundi ninayetaka kumsimulia kwa sababu ya chumvi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, Dar es Salaam, nami tayari nilikuwa kapteni wa ndege za jeti. Niliingia karakana ya vyombo vya ndege kuulizia kipimo kimoja nilichokiandikia kasoro, nikakuta mafundi wamezunguka sinia la mihogo ya kuchemsha. Pembeni, juu ya kipande cha gazeti, palikuwa na chumvi ya kijivu yenye punje kubwa. Chumvi ile nimekua nayo. Inapikwa Ivuna, bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, na nilipokuwa mtoto Vwawa ililetwa na watu waliotembea siku kadhaa na mizigo kichwani.

"Chumvi hii ya nani?" nikauliza.

"Yangu," akajibu mwanamume mwembamba aliyekaa mwisho wa benchi. "Mama hunitumia."

"Kwenu Ivuna?"

"Ivuna kabisa. Na wewe, kapteni?"

"Vwawa."

Akanisalimu kwa Kinyiha kibovu chenye lafudhi ya Kinamwanga, nami nikamjibu kwa Kinamwanga kibovu zaidi. Wenzake wakacheka. Watu wa sehemu zetu waliokuwa wakifanya kazi kwenye ndege walikuwa wachache mno. Ukisema unatoka Mbozi, wilaya yetu, mtu wa Dar es Salaam anakutazama tu mpaka uongeze kwamba ni karibu na Tunduma, mpakani, ndipo anaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo akawa ananiita kaka, nami nikimwita mdogo wangu.

Kazi yake ilikuwa otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege badala ya mikono ya rubani. Karakana nzima walikuwa wawili tu walioruhusiwa kuigusa, na mwenzake alikuwa karibu kustaafu. Watu wengi hudhani otopailoti ni akili fulani iliyojificha mbele ya ndege, inayojua kila kitu. Ya ndege zetu haikuwa hivyo. Ilikuwa masanduku ya chuma yaliyounganishwa kwa nyaya, na kila sanduku lilijua jambo moja. Siku moja alinifungulia sanduku mojawapo juu ya meza yake. Ndani palikuwa na kidonge cha shaba, kipana kama sarafu, chembamba hivi kwamba alikishika kwa kibanio badala ya vidole.

"Hiki ndicho kinachojua kimo, kaka. Ndani hakina hewa. Ndege ikipanda, hewa ya nje inapungua, kidonge kinavimba. Ikishuka, kinabonyea. Wewe ukibonyeza kitufe cha kushika kimo, unakiambia kibaki hivyo hivyo kilivyo. Kikivimba au kikibonyea hata kiasi cha unywele, pua ya ndege inarekebishwa."

"Na mwendo?"

"Mwendo hakiujui kabisa. Mwendo unajulikana na kile pale." Akanionyesha sanduku jingine. "Lakini pua ya ndege ni moja. Ama unaiambia ishike mwendo, ama unaiambia ishike kimo. Ukichagua kimo, mwendo unabaki juu yako na vishikio vyako vya injini."

Nilikuwa nikiyajua hayo kwa upande wa rubani. Kuyaona ndani ya sanduku, kwenye kitu kidogo namna ile, kulinishangaza.

Baadaye kidogo tulirusha ndege kwa majaribio baada ya matengenezo, akaja nasi, akakaa kiti cha tatu nyuma yetu na daftari mapajani. Nilimsimulia kila hatua ya kushuka, kwa kuwa alikuwa ameitengeneza mashine ile miaka mingi bila kuiona kazini. Jeti huanza kushuka mbali kuliko abiria anavyodhani. Ukiwa futi elfu thelathini unahitaji kama maili tisini kabla ya kiwanja. Tulikuwa tukizidisha kimo mara tatu kichwani, kisha tukiongeza kidogo kwa ajili ya kupunguza mwendo. Ukifika hapo unarudisha vishikio vya injini nyuma kabisa, injini zinabaki zikivuma kidogo tu, na otopailoti unaiweka ishike mwendo. Pua inainama yenyewe. Mwendo ukizidi, inanyanyuka kidogo, ukipungua, inainama. Chini ya futi elfu kumi unapunguza hadi maili mia mbili na hamsini za baharini kwa saa. Kisha unafikia kimo ulichopewa na waongozaji wa ndege walioko chini, unabonyeza kitufe cha kushika kimo, na wakati huo huo mkono wako unasogeza vishikio mbele, kwa sababu sasa otopailoti imeacha kuangalia mwendo. Rubani anayejifunza huambiwa hivyo mpaka achoke kusikia. Wengine niliwafundisha mimi.

Siku ile tulipofika futi elfu tatu nilibonyeza kitufe, nikasogeza vishikio, ndege ikatulia. Niligeuka nikamwona fundi ameacha kuandika, anatazama sindano ya kimo ilivyosimama bila kutikisika. Baada ya kutua alinishika mkono akasema asante, kaka, akaenda zake karakana.

Halafu mambo yakaharibika. Wanaokumbuka miaka ile baada ya vita hawahitaji kuelezwa: sabuni ilipotea, sukari ikapotea, mafuta ya kupikia yakapotea. Kwetu kwenye ndege kilichopotea kilikuwa vipuri. Zamani chombo kilichoharibika kilitumwa ng'ambo na kurudi; sasa kilikwenda bila kurudi, au hakikwenda kabisa. Fundi akaanza kufanya walichokuwa wakifanya mafundi wote wa nchi hii, wa matrekta, wa pampu za maji, wa mabasi. Alivunja masanduku mawili mabovu ili apate moja zima. Vidonge, springi, vigurudumu vidogo na skrubu alizotoa alivihifadhi kwenye mkebe wa maziwa ya unga, ndani ya kabati lake la kazini, kila kitu kimefungwa kwenye kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli kimetoka wapi. Kwa utaratibu vilitakiwa virudishwe stoo vikiwa na lebo. Stoo ilikuwa imefungwa nusu ya siku, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye foleni ya unga. Sisi marubani tuliujua mkebe ule. Tuliuliza kwa utani kama una chochote cha kutusaidia, na mara nyingi ulikuwa nacho.

Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa tunarudi Dar es Salaam kutoka Ndola, mchana, wakati wa mvua. Njia yetu ilipita juu ya Mbeya, na kabla ya hapo, mawingu yakiruhusu, niliiona Tunduma upande wangu wa kushoto, malori yamejipanga mpakani, na reli na barabara zikielekea kwetu. Jeti zetu hazikuweza kutua nyumbani, kiwanja cha Mbeya kilikuwa kifupi, kwa hiyo nyumbani nilikuwa napaona kutoka juu tu. Siku hiyo mawingu yalifunguka juu ya Vwawa nikadhani nimeiona nyumba ya baba. Alikuwa anajenga upya. Kuta zilikuwa zimesimama bila paa na mvua zilikuwa zimeshaanza kuzimomonyoa.

Rubani wangu msaidizi alikuwa mtu wa Tanga, mwenye miaka ishirini na saba hivi, mpole, hodari wa hesabu. Nikaanza kumweleza habari ya paa la baba. Nilimweleza jinsi mabati yasivyopatikana Mbeya nzima, na jinsi mfanyabiashara mmoja wa Tunduma alivyoniahidi kuyapata upande wa Zambia. Maelezo hayo yaliendelea mpaka tukaanza kushuka, na yaliendelea wakati tunashuka. Kushuka kwenyewe kulikwenda vizuri. Tulianza mahali panapostahili, injini zilikuwa chini kabisa, otopailoti ilishika mwendo barabara. Waongozaji wakatuambia twende mpaka futi elfu tatu tubaki hapo, kuna ndege nyingine mbele yetu.

Nilipunguza mwendo, nikafika futi elfu tatu, nikabonyeza kitufe cha kushika kimo. Mkono wangu wa kulia haukwenda kwenye vishikio vya injini. Ulikuwa hewani, unampimia mwenzangu urefu wa bati.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa mgonjwa, au sijalala, au nimefiwa. Nimetafuta sababu ya namna hiyo miaka mingi. Nilikuwa mzima, na nilikuwa nazungumza habari za mabati.

Otopailoti ikafanya kazi yake. Iliambiwa ishike kimo, ikakishika. Mwendo ulipopungua na mabawa yakaanza kushindwa kubeba, ilinyanyua pua kidogo kufidia. Mwendo ukapungua tena, ikanyanyua tena, taratibu, na gurudumu la urari, linalosawazisha pua ya ndege, likawa linazunguka kidogo kidogo pembeni ya goti langu.

"Kapteni, mwendo," akasema rubani msaidizi, kwa adabu, kama mtu anayeomba apishwe mlangoni.

Nilimwinulia kidole asubiri nimalize sentensi.

"Kapteni. Mwendo."

Usukani ukaanza kutetemeka mbele yetu, lile tetemeko ambalo mtengenezaji ameliweka ili kumwambia rubani kwamba ndege inakaribia kuacha kuruka. Nilitazama sindano ya mwendo. Ilitakiwa kusoma mia mbili na kumi. Ilisoma mia moja na hamsini na nne. Nikazima otopailoti, nikasukuma vishikio mpaka mwisho. Injini zilizokuwa zimelala zilichukua sekunde kadhaa kuamka, na muda huo ndege ilishuka kama kitu kilichoachiwa. Nguvu zilipokuja, pua ambayo urari ulikuwa umeiinua ikataka kupanda kupita kiasi, tukaisukuma chini wote wawili, mikono minne. Kisha ikatulia. Nyuma watu walikuwa wanalia.

Tulitua salama. Mhudumu mmoja wa kike alikuwa amesimama akikusanya vikombe, akarushwa, akaangukia ukingo wa meza ya jikoni. Mkono wake ulivunjika mahali pawili. Kwa kuwa kulikuwa na majeruhi, ilikuwa lazima iandikwe taarifa.

Abiria waliposhuka tulibaki sisi wawili. Kitabu cha ndege kilikuwa mapajani mwangu, kile ambacho kapteni huandika kasoro na fundi huandika alichokifanya.

"Tutaandika nini, kapteni?" akauliza.

Niliandika bila kumjibu. Niliandika kwamba otopailoti ilishindwa kudumisha mwendo baada ya kushika kimo. Nikampa asome. Alisoma.

"Lakini haitakiwi kudumisha," akasema.

"Ndicho kilichotokea au sicho?"

"Ndicho."

"Basi."

Akatia sahihi chini ya yangu. Sikumlazimisha. Nilikuwa kapteni wake, umri wa kaka yake mkubwa, na nilijua kwamba sihitaji kumlazimisha. Nilijua pia kwamba wanaofanya kazi na ndege wakiisoma sentensi ile wataelewa mara moja, lakini wale wa ofisini watakaoamua hawataelewa. Wataona otopailoti imeshindwa.

Siku tatu baadaye fundi alikuja nyumbani kwangu jioni, amevaa shati la kanisani. Mke wangu akampa chai isiyo na sukari. Alizungushazungusha kikombe kabla ya kusema.

"Kaka, nimepima siku mbili. Nimekiweka kidonge kwenye chombo cha kupunguzia hewa, nimekipandisha na kukishusha mpaka mkono umechoka. Sioni kasoro. Nimeandika kwamba hakuna kasoro. Wakubwa wamenirudishia, wanasema kapteni mzima amesema imeshindwa, nitafute."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Tulikuwa wawili sebuleni. Ningeweza kusema, mdogo wangu, usitafute, ni mkono wangu.

"Labda ni kasoro inayokuja na kuondoka," nikamwambia.

Alinitazama. Mpaka leo sijui alikuwa anafikiri nini.

"Inawezekana," akasema. "Nitapima tena."

Alipima tena. Nilisikia kwamba alikuwa akibaki karakana wenzake wakishaondoka, anafungua masanduku na kuyafunga. Mimi niliendelea kuruka. Nilimtembelea yule mhudumu hospitali nikampelekea machungwa, naye akanishukuru kwa kuiokoa ndege.

Mwaka ule ndipo ulipoanza msako wa serikali dhidi ya wahujumu uchumi, walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa. Watu walitupa katoni za sabuni mitaroni kwa kuogopa kukutwa nazo. Kule nyumbani, Tunduma, ambako kila familia ina ndugu upande wa pili na kila mtu amewahi kuvuka na kopo la mafuta, watu walifukia vitu mashambani. Mabati ya baba hayakuja tena. Na katika shirika letu mtu, sijawahi kumjua ni nani, aliandika barua kwamba kuna fundi anaharibu otopailoti makusudi na kuficha vipuri. Watu wa msako wakafungua kabati lake. Wakaukuta mkebe.

Walimchukua asubuhi, akiwa na ovaroli. Waliokuwepo waliniambia kwamba alijaribu kuwaeleza vile vikaratasi vya penseli, kipi kimetoka sanduku lipi, na mmoja wao akavimwaga vyote mezani kutafuta kama chini kuna dhahabu.

Wiki ya tatu mke wake alikuja kwangu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu kabla ya hapo, kwenye ubatizo. Alikuwa mwanamke mrefu, mtoto mgongoni, miguu ina vumbi kwa sababu alikuwa ametembea kutoka Buguruni. Akapiga goti kidogo kunisalimu kama tunavyofanya kwetu.

"Shemeji, wewe ndiye mkubwa wetu hapa mjini," akasema. "Sina mwingine wa kumwendea. Wanasema ameharibu mashine. Yeye kula hali kwa ajili ya mashine hiyo, anawezaje kuiharibu? Wewe unaijua. Waambie."

"Nitawaambia," nikasema.

"Mungu akubariki, shemeji."

Alipoondoka mke wangu aliniuliza kwa nini sikumpa hata nauli. Nikamweleza kila kitu, kuanzia mabati. Alinisikiliza amesimama. Kisha akasema, "Vaa viatu."

Nilivaa viatu nikaenda kwa mkuu wa marubani, nyumbani kwake, nikamwandikia maelezo mapya papo hapo mezani kwake: nilishika kimo, sikuongeza nguvu ya injini, rubani msaidizi alinionya mara mbili, otopailoti haikuwa na kosa. Aliyasoma mara moja tu. Alikuwa rubani, hakuhitaji kusoma mara mbili.

"Nilifikiri hivyo tangu mwanzo," akasema. "Nilikuwa nasubiri uje mwenyewe."

"Ungeniita."

"Na wewe ungekuja bila kuitwa. Unataka nifanye nini na karatasi hii?"

"Ipeleke. Wamwachie."

Akatikisa kichwa. "Karatasi hii itakumaliza wewe, lakini yeye haitamtoa. Hawamshikilii kwa otopailoti tena. Wanamshikilia kwa mkebe."

"Mkebe ule ndio uliokuwa unarusha ndege zetu."

"Waeleze wao."

Nilikwenda kuwaeleza. Nilikaa mbele ya watu wawili wa msako katika chumba chenye kabati la mafaili na kiti kimoja kibovu ambacho ndicho nilichopewa. Niliwaeleza kidonge cha shaba, kimo, mwendo, vishikio. Mmoja alisinzia. Mwingine alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo na wewe ulijua kwamba anaweka vipuri kwenye kabati?"

"Tulijua wote."

"Nimekuuliza wewe."

"Nilijua anavitunza."

Akaandika. Sikuweza kuona ameandika neno gani, anavitunza au anavificha.

Fundi alikaa ndani miezi saba. Hakufikishwa mahakamani. Siku moja aliambiwa aende nyumbani, na barua ya kuachishwa kazi ilikuwa imeshamtangulia. Nilipopata habari na kwenda Buguruni, chumba kilikuwa na wapangaji wengine. Familia ilikuwa imepanda treni ya kwenda Tunduma siku mbili kabla. Mimi niliondolewa ukapteni, nikapewa meza ya kupanga ratiba za wahudumu, na baada ya mwaka mmoja wa kuketi kwenye meza ile nikaomba kuacha kazi, nikarudi Vwawa kulima kahawa. Rubani msaidizi alipelekwa ndege nyingine. Tulipokutana mara ya mwisho aliniamkia kama kawaida, na nilipotaka kumwomba radhi aliangalia saa yake akasema anachelewa.

Nilikaa nyumbani karibu mwaka mzima kabla ya kwenda Ivuna. Kila wiki nilikuwa na sababu: kahawa, mvua, barabara. Mwishoni mke wangu aliacha kuniuliza, na hilo lilinisumbua kuliko maswali yake. Nilipata lori la kuchukua chumvi, tukapita Chitete, gari likalala njiani kwa sababu ya tope, tukafika bondeni siku ya pili saa nne asubuhi. Joto la kule lilinikuta nimevaa koti.

Walinielekeza mahali wanapochemshia. Moshi ulikuwa mwingi. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya pipa lililokatwa nusu, anakoroga maji ya chumvi kwa ubao. Alikuwa amekonda zaidi, na mikono yake, iliyozoea kushika vitu kwa kibanio, ilikuwa imepasuka na kubabuka kwa chumvi na moto. Aliniona, akaendelea kukoroga mpaka alipofika mahali ambapo pipa lingeweza kuachwa.

"Karibu, kaka," akasema.

Tulikaa kwenye gogo. Tuliulizana habari za nyumbani, za wazee, za mvua. Mkewe alikuwa mbali kidogo anasukuma kuni kwenye moto mwingine, na hakuja kunisalimu.

"Nilijua siku ile ile," nikamwambia. "Ulipokuja nyumbani na kunywa chai, nilijua. Mkono wangu haukwenda kwenye vishikio. Nilikuwa nazungumza."

Alikuwa anasugua kipande cha ngozi kilichoinuka kwenye kiganja chake.

"Walinisomea karatasi yako ya pili kule ndani," akasema. "Mara moja tu, haraka haraka. Sikuelewa kama ni kweli au kama umeandika ili kunisaidia."

"Ni kweli."

"Mwendo ulifika ngapi?"

"Nini?"

"Usukani ulipotetemeka. Sindano ilisoma ngapi?"

"Mia moja na hamsini na nne."

"Na kimo?"

"Elfu tatu. Hakikusogea."

"Hakikusogea hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mpaka nilipoizima otopailoti."

Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo. Nilidhani amekasirika, kisha nikaona mabega yake yanatikisika.

"Uliniambia ni kasoro inayokuja na kuondoka," akasema alipoweza kusema. "Nilikutegemea wewe. Kule ndani nilikuwa nalala chini na kufungua lile sanduku kichwani, kila siku, skrubu moja moja. Natafuta nilikokosea. Nilishaamini nilikosea. Nilimwambia mke wangu, pengine ni kweli niliharibu, pengine yule mama aliyevunjika mkono nilimvunja mimi. Miezi saba, kaka, na zaidi ya mwaka mwingine hapa."

Nilivua koti nikaliweka juu ya gogo.

"Mwambie na yeye," akasema, akinyoosha kidevu kuelekea kwa mkewe. "Mimi nimesikia."

Nilikwenda nikamwambia, nimesimama kwenye moshi. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza aliniuliza kama nimeshakula, kwa sauti ambayo mtu humwuliza mgeni yeyote, akampa mtoto wake mkubwa kipande cha muhogo aniletee. Nilikila. Lori lilipopiga honi kwamba limeshapakia, fundi alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama pale mpaka tulipoondoka. Hakunipungia mkono, nami sikumpungia.

Baadaye alihamia Tunduma, akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi ya malori. Watu wa pande zote mbili za mpaka walimletea kazi, na walisema hakuna redio iliyomshinda. Nilikwenda mara mbili au tatu nikiwa na shughuli mjini. Alikuwa akiweka chini chuma cha kulehemu, ananiamkia, ananiuliza habari za Vwawa. Nilipofiwa na baba hakuja, ila alimtuma mwanawe mkubwa na salamu za familia. Mara moja tu aligusia mambo ya ndege. Jeti ilikuwa inapita juu sana kuelekea kusini, tukaitazama wote wawili mlangoni mwa kibanda chake, akaniuliza wataanza kushuka wapi. Nikamwambia ikiwa inakwenda Ndola, bado mbali. Akakubali kwa kichwa, akarudi kwenye redio aliyokuwa ameifungua.